Mche Wako Umeungua Mara Tu Ulipoufikisha Mtaani? Cheki Kilichofanyika Ndani ya Jani

Rada ni hii. Umepita Changamwe, ukaona miche imepangwa kando ya barabara chini ya neti nyeusi. Umetoa mia mbili, ukachukua mwembe wenye majani mapana, kijani iliyokolea. Umevuka nao feri hadi Likoni, ukaupanda pale uani panapowaka jua kutwa, maana kila mtu anasema miti yapenda jua. Wiki haijaisha, majani yamepauka na kufanya madoa meupe, kama nguo iliyoingia Jik.

Kabla hujarudi kumtolea muuzaji maneno, tulia. Maji ulitia, mbolea ipo. Shida ni kwamba yale majani yalijengwa kivulini, na wewe umeyahamisha ghafla hadi kwa jua la Mombasa.

Ndani ya seli za jani kuna vidude vya kijani vinavyoitwa kloroplasti. Ni vidogo balaa: ukivipanga kama mia mbili kwa mstari, unapata milimita moja. Humo ndimo usanisinuru unapofanyika. Mmea unanasa mwanga, unachukua maji na hewa ya kaboni, unatengeneza sukari. Sasa, vitabu vya shule vilituchorea kloroplasti moja, tukaikariri, tukaamini zote ziko vile. Wapi! Umbo lake linategemea mwanga ambao jani lilipata likikua.

Ndani yake kuna tando zilizopangwa juu kwa juu kama chapati kwenye sahani. Kwenye hizo chapati ndiko iliko klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga. Kando ya chapati kuna mchuzi mzito, na humo kimeng'enya kinachoitwa rubisko kinaikamata kaboni ili sukari itengenezwe.

Fikiria steji ya matatu. Saa nane mchana abiria ni wachache, kwa hivyo makanga wanahangaika kila kona kuwatafuta. Saa moja asubuhi abiria wamefurika. Makanga hawana kazi, kinachotakikana ni magari. Jani la kivulini liko saa nane. Linapanga chapati nyingi, marundo marefu, klorofili kibao, ndio maana ile kijani inakolea. Rubisko linaweka kidogo tu, mwanga wenyewe ni haba. Jani la juani liko saa moja asubuhi: marundo mafupi, rubisko nyingi, na jani lenyewe linakuwa nene.

Mwembe wako ulikuja na makanga wengi na magari mawili. Ukauweka juani, abiria wakamiminika. Nishati iliyonaswa ikakosa pa kwenda, ikaanza kuzalisha aina kali za oksijeni zinazoharibu klorofili na mitambo ya kunasa mwanga. Mmea hukarabati mitambo hiyo kila siku, lakini uharibifu ukizidi kasi ya ukarabati, jani linapauka.

Si ati mmea unakaa tu ukipigwa. Mwanga ukiwa mkali, kloroplasti zinasogea ndani ya seli na kujibanza kwenye kuta za pembeni ili zisipigwe moja kwa moja. Mwanga ukififia zinarudi kutandaa. Pia kuna rangi za manjano, jamii moja na ile ya karoti, zinazosaidia kuitoa nishati ya ziada kama joto. Mikoko ina mbinu nyingine. Siku ukiwa Mikindani, teremka ufukweni uangalie: majani ya mkoko yaliyo juu kabisa yamesimama karibu wima, yakikwepa jua la adhuhuri, na ya chini kivulini yamelala yakisubiri chochote kitakachopenya.

Ukitaka ushahidi wa bure, tafuta mwembe mkubwa hapo mtaani. Chuma jani moja la nje juani na jingine la ndani kabisa ya matawi. La nje mara nyingi ni dogo na nene, la ndani ni pana, jembamba, limekolea. Mti mmoja, mizizi ile ile.

Kuna mimea imezaliwa ngumu lakini. Mchicha, kwa mfano, ndani ya jani moja una kloroplasti za seli mbili tofauti zinazogawana kazi: hizi zinapokea kaboni, zile zinatengeneza sukari. Mpangilio huo unaufanya uendelee kuvuna hata jua likiwa kali sana, wakati sukuma imeshafika mwisho wake wa kutumia mwanga. Mahindi na miwa ni vivyo hivyo. Kama una ndoo mbili tu pale juu ya rufu Kisauni, mimi ningetia mchicha.

Na kama keja yako dirisha linaangalia ukuta wa jirani? Jicho linakudanganya. Jua la mchana nje linafika luksi laki moja, chumba chenye taa kiko kwenye mamia tu. Sukuma ukiiweka humo itarefuka, ikonde, majani ya chini yageuke manjano. Mbegu ukiiotesha gizani kabisa hata kloroplasti haikamiliki. Mche unatoka wa manjano, mrefu kama uzi, na unaanza kuwa kijani saa chache baada ya kuona mwanga.

Kwa hivyo mche wa neti uzoeshe. Siku za kwanza upe jua la asubuhi hadi kama saa tatu, kisha urudishe kivulini. Ongeza saa moja hivi kila siku, kwa wiki moja hadi mbili, ndipo uupande. Ukikosa neti, makuti mawili matatu yatatosha. Hapa kwetu, kwenye siku za mwanzo wa Machi na mwanzo wa Oktoba, jua la adhuhuri linapita karibu wima kabisa juu ya kichwa. Mche laini usiutoe wakati huo.

Ule uliokwisha kuungua usiung'oe. Majani yaliyopauka hayarudi kijani, yaache yadondoke. Weka kivuli kidogo, maji ya kiasi, uangalie ncha. Mwembe ukichipua, majani machanga hutoka mekundu-mekundu, na si ugonjwa: rangi ile husaidia kuyakinga na jua wakati kloroplasti zake bado zinajengwa.