Karantini ya ng'ombe: anayezibiwa njia ni kupe

Kila amri ya karantini inapotangazwa, swali ninaloulizwa na wafugaji ni lile lile: "Ng'ombe wangu ni mzima, anakula, anakamuliwa. Mbona nami nakatazwa kumuuza?" Ni swali la haki. Kwa mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa kule Kaloleni au Msambweni, huyo ng'ombe ndiye karo ya shule, ndiye dawa ya mama, ndiye akiba ya siku ya shida. Ukimzuia kwenda mnadani, umegusa sufuria ya mwenyewe. Anayetoa amri kama hiyo ana deni la kueleza sababu, na mara nyingi deni hilo halilipwi.

Mimi nitajaribu kulilipa kwa kutumia ugonjwa mmoja wa kupe ambao sisi watu wa Pwani tunaujua kwa hasara yake, hata kama wengi hatujui kwamba umebeba jina letu.

Ugonjwa wenye jina la pwani yetu

Ugonjwa wenyewe ni ndigana kali, ambao Wazungu waliuita homa ya Pwani ya Mashariki. Pwani hiyo ni hii yetu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1901 hivi, ng'ombe walisafirishwa kwa meli kutoka upande huu hadi Beira, Msumbiji, wakapandishwa bara hadi nchi tunayoiita leo Zimbabwe. Sotoka ilikuwa imemaliza mifugo ya huko tangu 1896, na walowezi walitaka kujaza mazizi upya. Ng'ombe waliofika walionekana wazima. Muda si muda wale wa huko walianza kuanguka, na maradhi yakasambaa hadi Afrika Kusini. Mwaka 1903 daktari Mjerumani Robert Koch, ambaye miaka michache nyuma aliwahi kuviona vijidudu vyake Dar es Salaam, aliitwa kuuchunguza, na akauita kwa jina la pwani.

Dalili zake si ngeni kwa mfugaji. Ng'ombe hupandwa na homa, maziwa hushuka, na mitoki huvimba chini ya sikio na mbele ya bega. Baadaye huacha kula, hupumua kwa shida, na mwisho hutoa povu puani. Asipotibiwa, ng'ombe wa gredi mara nyingi hufa ndani ya wiki tatu au nne tangu aumwe na kupe mwenye maradhi. Dawa ipo, lakini ni ghali, na hufaa pale anapotibiwa mapema. Binadamu haambukizwi.

Kupe huyu hupanda mara tatu

Ili kuielewa karantini, mfahamu kwanza kupe. Anayeeneza ndigana kali ni yule wa rangi ya kahawia apendaye masikio. Maishani mwake hupanda mnyama mara tatu: akiwa kichanga, akiwa kijana, na akiwa mzima. Kila mara hufyonza damu kwa siku kadhaa, akaanguka nyasini, akajibadilisha gamba, kisha akangoja mnyama mwingine. Akifyonza vijidudu katika hatua moja, huvitia kwa ng'ombe wa hatua inayofuata. Ng'ombe hawaambukizani kwa pumzi, kwa hori wala kwa kukamuliwa. Lazima kupe awe kati.

Hapo yanatoka mambo matatu, na masharti yote ya karantini yamesimama juu yake.

La kwanza, ng'ombe mwenye sura nzuri anaweza kuwa na maradhi. Kati ya kuumwa na kuonyesha homa hupita wiki moja hadi tatu hivi. Na yule aliyeugua akapona hubaki na vijidudu damuni kwa muda mrefu, akiwalisha kupe bila yeye kuonyesha lolote. Hata asiye na kijidudu chochote huweza kubeba kupe kumi ndani ya sikio hadi kijiji cha pili.

La pili, nyasi nazo zimo. Kupe anaweza kungoja nyasini kwa miezi mingi bila kula, hata kupita mwaka. Ukiuza ng'ombe mgonjwa na kuleta mwingine kesho, hujasafisha kitu. Umempelekea kupe chakula.

La tatu, tuna nafasi ya siku chache. Kupe akishanata, vijidudu huchukua kama siku tatu au zaidi kukomaa mateni mwake kabla ya kumwingia ng'ombe. Kupe akifa kwa dawa kabla ya siku hizo, ng'ombe ameokoka. Ndiyo maana mahali penye kupe wengi tunaambiwa tuogeshe kila wiki, hata mara mbili kwa wiki. Anayeogesha mara moja kwa mwezi anapoteza pesa zake.

Wengine walifanya nini?

Afrika Kusini iliumaliza ugonjwa huu katikati ya miaka ya 1950. Iliwachukua karibu nusu karne: ng'ombe kuzuiwa wasihame, mashamba kuzungushwa ua, mifugo iliyoambukizwa kuchinjwa, na josho kuwa lazima. Lakini tusisimulie sifa bila machungu. Amri zile ziliwakandamiza Waafrika, wakalipishwa kwa ajili ya majosho ambayo hawakuulizwa habari zake. Mwaka 1914 huko Griqualand Mashariki watu waliasi na kuyabomoa. Kupe walikuwa wa kweli, na dhuluma ilikuwa ya kweli.

Marekani nao walikuwa na ugonjwa wao wa kupe, homa ya ng'ombe wa Texas. Ng'ombe wa Texas walikuwa wazima wa afya, lakini kila walikopitishwa kwenda kaskazini waliacha mizoga ya ng'ombe wa wenyeji. Wakulima wa Missouri walifikia kuwazuia kwa bunduki. Mwaka 1893 Theobald Smith na Fred Kilborne walitoa ushahidi kuwa ni kupe. Kuanzia 1906 serikali ilianza kumfuta kupe huyo jimbo kwa jimbo, kwa josho na mipaka ya karantini, na kufikia 1943 alikuwa amebanwa kwenye ukanda wa mpaka wa Mexico. Ukanda huo ni karantini hadi leo, na askari wa kupe huushika doria kwa farasi.

Jambo moja la Marekani nataka tulikumbuke. Karantini yao haikumfungia mfugaji kila mlango. Ng'ombe wa eneo lenye kupe waliweza kupelekwa moja kwa moja machinjoni, katika mabehewa na mazizi ya peke yao. Ng'ombe anayeenda kuchinjwa hana safari nyingine, na kupe wake hapati nyasi mpya.

Sheria yetu yasemaje

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, inamtaka mwenye mnyama mgonjwa afanye mambo mawili: amtenge na wazima, na atoe taarifa upesi kwa mkaguzi, daktari wa mifugo au afisa wa utawala. Pia inaipa mamlaka uwezo wa kutangaza eneo kuwa na maambukizi na kuzuia wanyama kuingia au kutoka. Kuhamisha mifugo kunataka kibali. Sheria ya Kuogesha Ng'ombe, Sura ya 358, inaruhusu josho kufanywa lazima katika eneo lililotajwa.

Hata hivyo tuseme ukweli. Karantini nyingi tunazozisikia ni za ugonjwa wa miguu na midomo, ambao huruka kutoka mnyama hadi mnyama kwa siku chache. Ndigana kali ni mwenyeji wetu, ipo mwaka nenda mwaka rudi. Kufunga soko la Mariakani kwa mwezi mmoja hakutaiondoa. Kwa ugonjwa huu, karantini yenye nguvu zaidi ni ile unayoiweka mwenyewe langoni pako.

Karantini ya langoni

Ukinunua ng'ombe, usimwingize zizini siku hiyo hiyo. Mweke peke yake wiki tatu hadi nne. Mwogeshe au mpulizie dawa siku anayofika, na uchunguze ndani ya masikio, chini ya mkia na kwenye kiwele. Mpime joto kila asubuhi na umpapase mitoki. Ukiona joto limepanda, mwite daktari wa mifugo siku hiyo, usingoje povu.

Kuna hatari ya upande wa pili ambayo wengi hawaifikirii. Mtamba mzuri anayetoka Nakuru au Nyandarua huenda hajawahi kukutana na ndigana, kwa hivyo hana kinga. Ng'ombe wetu wa kienyeji aliyekulia na kupe tangu ndama anaweza kusimama pale mgeni anapokufa. Mgeni huyo anatengwa ili alindwe na kupe wetu.

Anayefuga zizini asijione ameokoka. Nyasi unazokata kando ya barabara ambako ng'ombe wa watu hupita huja na kupe ndani ya mzigo. Panda majani yako ukiweza, au kata mahali pasipopitiwa na mifugo. Na walio karibu na Shimba Hills wakumbuke kuwa nyati ni mbebaji wa vijidudu hivi bila kuugua. Kulisha mpakani mwa hifadhi ni kualika maradhi ya nyati zizini.

Chanjo nayo ipo, iliyobuniwa Muguga, hapa hapa Kenya, katika miaka ya 1970. Ng'ombe hudungwa vijidudu vilivyo hai pamoja na dawa ya kuvidhibiti, akapata kinga ya miaka mingi. Huhifadhiwa katika baridi kali sana, na dozi huja nyingi kwa pamoja, kwa hivyo majirani wakijikusanya gharama hushuka. Ila haizuii maradhi mengine ya kupe kama ndigana baridi na mkojo mwekundu, na aliyechanjwa anaweza kubaki mbebaji. Ukimuuza, mwambie mnunuzi.

Deni la kaunti

Sasa nirudi kwa mwenye swali. Hofu ya mfugaji ndiyo njia kuu ya kupe. Mtu akihisi kwamba akitoa taarifa atafungiwa mlango na kuachwa hapo, atamuuza ng'ombe usiku kwa bei ya kutupa, na kufikia asubuhi kupe wako kijiji kingine. Hakuna faini itakayomzuia mtu ambaye karo inamngoja Jumatatu.

Katiba ya 2010 iliwapa kaunti kazi ya kudhibiti magonjwa ya mifugo, pamoja na minada na vichinjio. Zana zote ziko mkono mmoja. Kwa hivyo amri ya karantini ije na mambo manne: itaje ugonjwa na eneo, iseme itaondolewa lini au kwa sharti gani, iache njia ya kwenda machinjoni kwa ng'ombe aliyeogeshwa na kukaguliwa, na ije na josho lenye dawa. Majosho mengi yalikufa katika miaka ya 1990 serikali ilipojitoa na kuziachia jamii mzigo. Ukipita leo utaona mengine yameota miti. Kumwamuru mtu aogeshe mahali ambapo josho ni kichaka ni kumdhihaki.

Nasi wafugaji tuna letu. Mdharau mwiba, mguu huota tende. Anayeficha ng'ombe mmoja mgonjwa anamwekea jirani msiba, na mwakani nyasi zile zile zitamrudishia yeye mwenyewe. Kamati ya josho ikiitwa, tuhudhurie na tutoe mchango. Ng'ombe akishikwa na homa, tupige simu siku ile ile. Na tukiambiwa karantini, kabla ya kukubali au kukataa, tuulize: ni ya ugonjwa gani, mpaka lini, na josho liko wapi?