Nyumba Mpya na Sufuria ya Uji

Leo tungependa kuzungumza nanyi juu ya jambo dogo ambalo limewalaza macho watu wengi waaminifu: mtu akihamia nyumba mpya, naye hana fedha, awaandalie nini wale anaowaita waje kumwombea?

Tukifungua Kumbukumbu la Torati, mlango wa 20, twaona jambo la ajabu. Jeshi limekusanyika kwenda vitani, na maakida wanauliza kama yuko mtu aliyejenga nyumba mpya asiyeiweka wakfu bado. Mtu huyo anaruhusiwa kurudi kwake. Basi kuifungua nyumba si mchezo, maana hata vita havikuhesabiwa kuwa sababu ya kuiacha. Lakini angalieni pia kwamba mahali pale hapatajwi mbuzi wala ng'ombe wa siku hiyo.

Tulimjua kijana mmoja upande wa Nyamira aliyejenga nyumba ya vyumba vitatu, ya mabati, akahamia mwezi wa Januari na mke wake. Alikusudia kuwaita majirani na wazee wa kanisa, lakini moyoni alikwisha kuamua kwamba ni lazima pawe na wali, nyama ya mbuzi, na kreti tatu za soda. Akasema, tungoje bonasi ya majani chai. Bonasi ikaja mwezi wa Oktoba, tena pungufu kuliko alivyotazamia, na karo ikaimeza yote. Mwaka ukapita. Watu wakaanza kusema kijana yule amekuwa na kiburi tangu apate mabati.

Aliyeumia zaidi ni nyanya yake. Ninyi mwajua desturi yetu ya chinsoni, kwamba baba mzazi haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Lakini nyanya hana mpaka huo. Yeye ndiye wa kuingia, kukaa jikoni na kufanya mzaha na wajukuu. Mama huyu hakuingia. Jioni moja alipita na kikapu cha viazi vitamu, akaketi kwenye ngazi ya mlango. Mjukuu akatoka mbio, akasema, "Magokoro, karibu ndani." Akajibu, "Sijaitwa." Kisha akauliza, "Kwani nyumba hii inakula mbuzi?"

Kijana akamweleza habari za soda na bonasi. Bibi akacheka mpaka akafuta machozi, akauliza kama kuna wimbi ndani ya nyumba. Lilikuwako. Jumapili iliyofuata watu ishirini walikuja.

Sasa tuwaeleze walivyofanya, kwa kuwa wengi wetu tungeweza kufanya vivyo hivyo.

Kwanza waliita watu saa tisa alasiri. Jambo hili peke yake laokoa fedha nyingi. Ukiwaita watu saa saba, umewaita kula ugali na kitoweo, upende usipende. Ukiwaita saa tisa, kila mmoja amekwisha kula kwake. Tena mwaliko ulisemwa waziwazi: njooni tuombe, kisha tunywe uji. Aliyeahidiwa uji akapewa uji hawezi kunung'unika, na aliyetaka mbuzi alibaki nyumbani.

Uji wa wimbi kwa watu ishirini, kikombe kikubwa kwa kila mtu, wahitaji maji lita sita na unga robo tatu ya kilo. Gorogoro moja ya wimbi iliyosagwa itatosha na kubaki. Ukipenda uwe mchachu kama wazee wanavyoupenda, koroga unga na maji ya uvuguvugu siku mbili mbele, ufunike, uweke karibu na meko. Siku yenyewe chemsha maji, mimina ule unga pole pole huku ukikoroga, na uache utokote vizuri. Uji usioiva ndio unaowauma watu matumbo, kisha wimbi likalaumiwa bure. Sukari iweke kando katika bakuli, kila mtu ajitilie mwenyewe. Huenda yuko kati yao mwenye ugonjwa wa kisukari, na ukimtilia wewe unamlazimisha akatae mbele ya watu.

Wengine watauliza, mbona uji, na sisi tumezungukwa na chai? Ni kweli, chai ni nzuri. Lita nane zatosha watu ishirini kwa vikombe viwili viwili: maziwa lita tatu, maji lita tano, na pakiti ya majani ya gramu 100 haitaisha. Sukari ni nusu kilo. Lakini tukumbuke kwamba katika nchi yetu ndugu Wasabato ni wengi sana, na wengi wao hawanywi chai wala kahawa, ingawa huenda wanaichuma kila siku. Mwenyeji akiweka chai peke yake, jirani yake atakaa na mikono mitupu, naye ataona haya kuomba maji. Uji unanywewa na wote. Kama uji hautakiwi, chemsha mchaichai na maziwa. Na kama wenyeji wenyewe ni Wasabato, wataiweka siku hiyo Jumapili ili kazi ya jikoni isiingie katika Sabato.

Pamoja na uji kulikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha, kilo tano hivi, na ndizi mbivu zile ndogo tamu, machana manne. Nani kati yetu hawezi kupata ndizi Kisii? Asiyekuwa na mgomba atazipata Daraja Mbili au Keroka, na akienda jioni soko likikaribia kufungwa, atauziwa kwa bei ya kumwonea huruma mwuzaji. Mandazi pia yanafaa: pakiti ya unga ya kilo mbili hutoa kama hamsini ya kadiri, ila mafuta ya kukaangia ndiyo yanayokula fedha, basi pigeni hesabu kwanza. Kreti moja ya soda ina chupa 24 tu. Watoto wakija wale wasiohesabiwa, nao huja daima, imekwisha kabla ya maombi, na mzee mmoja ameachwa bila chupa. Uji huongezwa maji.

Vikombe viliazimwa kwa akina mama wa kanisa. Viti havikutosha, lakini haikudhuru, kwa sababu baba mzazi na wazee wenzake waliketi nje chini ya mti, kama desturi inavyotaka, na mahubiri mafupi yakafanywa mlangoni ili walio ndani na walio nje wasikie. Kijana mmoja alishika birika na beseni akawamwagia watu maji ya kunawa mikono. Mwingine alileta kuni, mwingine chupa ya maziwa. Mwenyeji aliona aibu kupokea, akataka kukataa. Msikatae, wapendwa. Jirani aliyechanja kuni za siku ile anaihesabu nyumba hiyo kuwa yake pia, naye atapiga mbio akiona moshi juu ya paa.

Nyanya aliingia wa kwanza. Alikagua vyumba vyote vitatu, akalaumu dirisha la jikoni kuwa dogo, kisha akaketi karibu na sufuria wala hakuondoka hapo mpaka jioni. Alipokuwa akienda zake, mke wa yule kijana alimrudishia kikapu kile cha viazi. Alikuwa ametia ndani chana la ndizi lililobaki.