Mtoto Hufuata Tumbo: Utumwa katika Riwaya ya Delia Sherman

Katika riwaya ya vijana The Freedom Maze (2011), mwandishi Mmarekani Delia Sherman anamtoa Sophie, msichana mzungu wa miaka 13, katika Louisiana ya mwaka 1960 na kumpeleka mwaka 1860, kwenye shamba la miwa la wahenga wake. Chombo cha safari hakipo. Kiumbe wa ajabu anamtimizia ombi lake, hila ya zamani lakini inatosha. Wahenga wanaona ngozi iliyochomwa na jua pamoja na sura ya ukoo wao, wanakata shauri: huyu ni mtoto ambaye ndugu yao amezaa na mtumwa. Ufanano uleule ambao ungempa urithi ndio unaomtia utumwani. Huko Louisiana, tangu amri ya Wafaransa ya mwaka 1724, mtoto alifuata hali ya mama. Msomaji anayelijua neno "suria" atashtuka hapa, kwani katika sheria ya Kiislamu iliyofuatwa pwani ya Afrika ya Mashariki, mtoto wa suria aliyekubaliwa na bwana alikuwa huru, tena mrithi. Riwaya haielezi sheria hizo. Inamweka tu Sophie katika nyumba ya jamaa zake, akiwatumikia watu wenye sura yake.