Bastola ya Mwenyewe katika Ghala ya Askari

Katika viunga vya St. Louis, jimbo la Missouri nchini Marekani, upo mji mdogo uitwao Bellefontaine Neighbors, ambao lau si bastola moja jina lake lisingalipata kuandikwa katika vitabu vya mawakili wa nchi ile. Mtu mmoja akiendesha gari lake alisimamishwa na askari wa mji huo, na ilipoonekana kwamba zipo hati za kukamatwa zilizotolewa juu yake, akatiwa mbaroni, na bastola aliyokuwa nayo pamoja na risasi zake vikachukuliwa vikawekwa kituoni. Mambo yake yalipotulia alirudi kuidai mali yake, akajibiwa kwamba hatapewa. Aliupeleka mji ule mahakamani, na jaji wa kwanza akasema hakudhulumiwa, kwa kuwa sheria za jimbo zimemwachia mlango wa kufungua madai ya kurejeshewa mali, na mlango huo ulikuwa wazi. Mtu yule hakuridhika akakata rufaa. Walivyoamua majaji wa rufaa mwaka 2011 nitakueleza mbele, maana hukumu yao haieleweki vema mpaka kwanza tujue silaha ya halali inafikaje mikononi mwa dola, na inakaa huko kwa jina gani.

Kwa msomaji wa mwambao wetu, ambako mwenye bunduki ni mtu wa nadra na leseni yake haipatikani ila kwa subira ndefu, sharti ikumbukwe kwamba Marekani haki ya kuwa na silaha imo katika Katiba tangu 1791, na kwamba Mahakama Kuu ya nchi hiyo imethibitisha mwaka 2008 kuwa haki hiyo ni ya mtu binafsi ndani ya nyumba yake, na mwaka 2022 kuwa inamfuata hata akitoka nje. Majimbo mengi, Texas tangu 2021 na Ohio tangu 2022 yakiwa miongoni mwao, hayamtaki tena mtu mzima asiyekatazwa na sheria awe na kibali ndipo achukue bastola yake. Kwa sababu hiyo askari anayemsimamisha dereva kwa taa iliyozimika hakosi kukuta silaha mara kwa mara, na aghalabu mwenye silaha hana kosa lo lote isipokuwa ile taa.

Ataifanyaje askari? Mahakama Kuu ilimpa nafasi kubwa katika mashauri mawili. La kwanza, la mwaka 1977, lilitoka Philadelphia, ambako dereva aliyesimamishwa kwa kibao cha gari kilichopitwa na muda aliamriwa ashuke, na uvimbe ulioonekana chini ya koti lake ukawa ni bastola yenye risasi. Majaji wakasema amri ya kushuka ni halali, kwa kuwa usalama wa askari ni mzito kuliko usumbufu mdogo wa dereva. La pili, la mwaka 1983, lilitoka Michigan, ambako gari lilitumbukia mtaroni usiku na askari wakaona kisu kikubwa cha kuwindia sakafuni. Hapo ikaamuliwa kwamba askari mwenye sababu ya kuhofu hatari aweza kupekua sehemu ya ndani ya gari kutafuta silaha, hata kabla hajamkamata mtu. Mimi sioni dhuluma katika haya. Mtu akaribiaye gari asilolijua gizani, peke yake, naye ana watoto wanaomngoja nyumbani, amestahili kuitenga silaha na mkono mpaka maneno yaishe.

Lakini maneno yakiisha, silaha inarudi. Sheria ya Texas imelisema jambo hili kwa uwazi wa kupendeza: askari aweza kumvua bastola mwenye leseni ikiwa anaona kwa haki kwamba ni lazima kwa usalama, naye amepaswa kumrudishia kabla hajamruhusu kuondoka mahali pale, maadam hakuona hatari kwake wala kosa la kumkamatia. Kuichukua silaha kwa dakika ishirini ni tahadhari, na kwenda nayo kituoni ni jambo jingine kabisa, linalohitaji sababu yake lenyewe.

Sababu hizo si nyingi. Huenda dereva amekamatwa kwa jambo jingine, kama yule wa Missouri, na haiwezekani aingie mahabusu na bastola kiunoni. Huenda gari limevutwa, na askari wakaandika kila kilichomo, desturi ambayo Mahakama Kuu iliikubali mwaka 1976 katika shauri la mji wa Vermillion, South Dakota. Bunduki ikipatikana chini ya kiti, haiwezi kuachwa katika uwanja wa magari. Huenda namba iliyochongwa katika chuma imeulizwa katika daftari za kompyuta ikajibu kwamba silaha imeibwa, nayo kumbe haikuibwa. Au huenda askari anaamini kwamba silaha yenyewe ndiyo kosa, kwa namna ilivyobebwa au kwa aliyeibeba.

Na hapa ndipo pafaapo kukaa kidogo, kwa sababu watu wengi wanaopoteza silaha zao hawazipotezi kwa hukumu, bali kwa kutojua silaha imeandikwa kwa jina gani. Katika ghala ya polisi bunduki moja, bila kusogezwa rafu, yaweza kuwa ni vitu vitatu mbalimbali. Yaweza kuwa amana, yaani imewekwa kwa usalama tu, na mwenyewe anangojewa aje. Yaweza kuwa kielelezo cha shauri, na hapo mwenye ghala hana ruhusa ya kuitoa mpaka mwendesha mashtaka au hakimu aseme kwamba haihitajiki tena. Na yaweza kuwa mali ambayo serikali imeomba itaifishwe, na hapo mwenyewe akinyamaza amekwisha kuipoteza, maana maombi ya namna hiyo yana siku zake za kupingwa, na siku hizo hazimngoji mtu.

Sisi tuliolelewa pwani neno amana tunalijua uzito wake. Aliyewekewa amana hakuwa mwenye mali kwa kuishika, wala muda hauigeuzi kuwa yake, na mwenyewe akija haulizwi kwa nini anaitaka. Sheria za Marekani hazikutoka katika fikira hizo, walakini zinakutana nazo pahala pamoja: milki haiondoki kwa kuhama mkono. Kinachoweza kuondoka ni nafasi ya kuidai, na kinachoilinda nafasi hiyo ni stakabadhi.

Kwa hiyo dereva asibishane barabarani. Mikono ikae juu ya usukani, na aseme kabla ya kunyoosha mkono popote; katika Michigan mwenye leseni amelazimishwa na sheria kumwambia askari mara moja kwamba ana silaha, na katika baadhi ya majimbo mengine humwambia akiulizwa. Silaha ikichukuliwa, aombe kwa adabu karatasi yenye aina ya silaha, namba yake, idadi ya risasi na vyombo vyake, namba ya shauri, jina na namba ya askari, na juu ya yote sababu ya kuchukuliwa. Karatasi isipopatikana pale, aifuate kituoni kesho yake. Nimesisitiza risasi na vyombo kwa sababu darubini ya bunduki yaweza kuwa na thamani kuliko bunduki yenyewe, na kisichoandikwa siku ya kwanza hakina shahidi siku ya mwisho.

Baada ya hapo kila jimbo lina njia yake. Texas, shauri lisipofunguliwa au lisipoishia katika hatia, hakimu aliyepewa habari ya silaha hupaswa kumwandikia mtu aliyekutwa nayo kwamba ana haki ya kuichukua kwa kuomba kwa maandishi. Asipoomba kabla ya siku ya 61 tangu kuarifiwa, hakimu huamuru iharibiwe, iuzwe, au iwe mali ya serikali. Fikiri basi mtu aliyehama nyumba, barua ikaenda kwa anwani ya zamani! California mwenye silaha huomba kwanza kwa Idara ya Sheria ya jimbo, ambayo humchunguza yeye na kuangalia kama silaha imeandikwa kwa jina lake; akipasi hupewa barua, na barua hiyo ina uhai wa siku 30 tu, ilhali silaha iliyokaa siku 180 baada ya mwenyewe kuarifiwa bila kuchukuliwa yaweza kuharibiwa. Serikali ya shirikisho nayo, ikiichukua silaha na ikataka kuitaifisha kwa sheria zake za silaha, ina siku 120 za kuanza shauri. Na mshtakiwa akiachiliwa au mashitaka yakifutwa, sheria hiyo hiyo yaamuru arejeshewe, isipokuwa kama kumrejeshea ni kumtia katika kosa.

Maneno hayo ya mwisho si madogo, kwa kuwa mtu aliyekuwa mmiliki halali siku ya kusimamishwa huenda si halali siku ya kudai. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inawakataza silaha, pamoja na wengine, waliotiwa hatiani kwa makosa makubwa, na mwaka 1996 wakaongezwa waliotiwa hatiani kwa kupiga watu wa nyumba zao hata kwa kosa dogo. Kwa ndugu zetu wanaosema Kiswahili waliohamia Minnesota, Texas au Ohio, wapo wanaonunua bunduki kwa ajili ya ulinzi wa duka au uwindaji wa kulungu, nao yafaa wajue hili: aliye na ukaazi wa kudumu hakukatazwa kwa sababu ya kuwa mgeni, bali aliyeko kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida amekatazwa, isipokuwa katika mambo machache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mtu wa namna hiyo asiende dirishani kudai silaha kabla hajaonana na wakili, maana kudai kwaweza kuwa kukiri.

Wala asidhani mtu kwamba uchunguzi huo ni usumbufu mtupu. Mwaka 2014, huko Spokane katika jimbo la Washington, mwanamume aliyekuwa amechukuliwa silaha na polisi alirudishiwa, na muda mfupi baadaye akaenda kazini kwa mkewe akamwua kisha akajiua. Aila ya mke huyo haikuwa na habari kwamba silaha imetoka. Mwaka wa pili yake jimbo lilipitisha sheria, iliyopewa jina la marehemu, ya kwamba mtu wa nyumbani aweza kuomba aarifiwe, na silaha ikazuiliwa kwa siku chache kabla ya kutolewa. Mwenye haki akingojeshwa siku hizo na avumilie, kwa heshima ya mwanamke yule.

Msafiri naye ana kadhia yake. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 inamruhusu mtu kupita na silaha katika majimbo yenye sheria kali, ikiwa anatoka anakoruhusiwa kuwa nayo na anakwenda anakoruhusiwa, silaha haina risasi, wala silaha wala risasi haziko karibu na mkono wake. Na gari likiwa halina buti, ziwe katika kasha lililofungwa kwa ufunguo, lisiwe lile kasha dogo la mbele ya abiria. Sheria hiyo ni ngao mahakamani, lakini barabarani New Jersey au New York haikuwazuia askari wengine kukamata kwanza.

Sasa turudi Missouri. Mwaka 2001 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Nane ilikuwa imekwisha kusema, katika shauri jingine la St. Louis, kwamba hata silaha ikiwa ilichukuliwa kwa halali, kitendo cha kuangaliwa ni kile cha kukataa kuirudisha baada ya kuonekana kwamba haihitajiki kwa ushahidi. Mwaka 2011 ikalirudia neno hilo kwa mtu wa Bellefontaine Neighbors. Kuchukuliwa kwa bastola siku ile hakukuwa na ubaya. Ubaya ulikuwa katika kumkatalia, na mji uliokataa ndio uliopaswa kumpa utaratibu wa haki kabla ya kumnyima, kama Marekebisho ya Kumi na Nne ya Katiba, ya mwaka 1868, yanavyoagiza kwa mali ya kila mtu. Kumwambia aende akafungue madai kwa gharama yake ni kumtwika mwenye mali mzigo wa aliyeishika mali. Hukumu ya jaji wa kwanza ikatanguliwa. Majimbo saba yaliyo chini ya mahakama hiyo, Minnesota likiwamo, yanafungwa na neno hilo. Kwingineko mawakili hulitumia kama hoja, na mahali pengine majaji bado wanaridhika kwamba mlango wa madai ukiwa wazi inatosha. Mimi naona walioamua 2011 ndio walioifikia insafu. Mwenye bastola ya dola mia nne hawezi kumlipa wakili dola elfu mbili ili aipate, na aliyeishika anapojua hivyo, ukimya wake wamtosha kuwa hukumu.

Barua ya kuachiliwa kwa silaha ikipatikana, mwenyewe hupiga simu kwanza aweke miadi, kwa kuwa dirisha la ghala halifunguki kila siku. Huja na kitambulisho chenye picha, stakabadhi ya siku ile, barua, na kasha la kufungika. Haji na silaha nyingine. Bunduki hutolewa tupu, na risasi vituo vingine huzitoa kwa mkono mwingine au siku nyingine. Asome namba kwenye chuma na namba kwenye karatasi kabla ya kutia sahihi, aangalie darubini na magazini, na kama kimepungua kitu kiandikwe papo hapo. Kisha aiombe nakala ya karatasi ya mwisho, aitie ndani ya kasha lile lile pamoja na bunduki, buti lifungwe. Kwa sababu huenda katika daftari za kompyuta namba hiyo bado inasomeka kuwa imezuiliwa, na askari wa mji wa pili, akimsimamisha jioni ile ile kwa ile taa ambayo hajapata kuitengeneza, atataka kuiona karatasi hiyo.