Gobore la marehemu liko darini: familia ifanye nini?

Mavuno yanapokaribia katika vijiji vya Mchinga na jirani zake, mkoani Lindi, mazungumzo ya jioni huwa ni yaleyale: nguruwe. Kundi moja likiingia usiku kwenye shamba la mihogo, asubuhi mama anakuta mashimo. Nyama yenyewe kwa familia nyingi za pwani si chakula, kwa hiyo hata akiuawa hakuna kinachoingia jikoni. Mlinzi wa shamba anachotaka zaidi ni mshindo wa kumtimua. Ndiyo sababu katika baadhi ya nyumba, juu ya dari au nyuma ya gunia la ufuta, bado kuna gobore la babu.

Silaha hii ina historia ndefu kwetu. Katika karne ya 19 majeshi ya Ulaya yalipohamia kwenye bunduki zinazojazwa kwa nyuma, yale ya zamani ya kushindilia mdomoni yaliuzwa kwa bei ya kutupa. Yalipitia Unguja, yakashushwa Kilwa na Lindi, yakaingia bara pamoja na misafara. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisiingie Afrika, lakini ukaacha upenyo kwa magobore ya kawaida na baruti yake. Vita vya Majimaji vilipoanza mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, wapiganaji wengi waliokuwa na bunduki walikuwa na za aina hiyo, mbele ya bombomu za Wajerumani.

Kwa kijana asiyewahi kuliona likijazwa: baruti humiminwa mdomoni mwa mtutu, ikafuata tambara, kisha gololi au vipande vya chuma, na vyote hushindiliwa kwa mdeki. Nyuma huwekwa fataki, na kinyundo kikiigonga moto huingia ndani. Hapo ndipo penye hatari tatu ambazo kila mwenye nyumba anapaswa kuzijua.

Kwanza, cheche. Baruti nyeusi haiungui ikaisha. Huacha masizi mazito, na ndani ya masizi hayo kaa dogo linaweza kubaki hai. Anayeharakisha kumimina baruti ya pili humwagia moto. Pili, nafasi. Gololi isipofika chini ikakaa juu ya baruti, mtutu unaweza kupasuka mkononi. Tatu, kutu. Masizi hayo hunyonya unyevu, na kwa hewa ya chumvi ya pwani bomba lisilooshwa kwa maji moto likakaushwa huliwa taratibu kutokea ndani. Kwa nje linang'aa kwa mafuta ya nazi. Kwa ndani limebaki ganda.

Hatari hizi hazijui tajiri wala maskini. Huko Marekani na Ulaya kuna watu ambao starehe yao ni kulenga shabaha kwa bunduki mpya zilizonakiliwa kutoka za kale. Kampuni ya Uberti ya Italia, iliyoanzishwa mwaka 1959, hutengeneza nakala za Winchester ya mwaka 1873, ile inayokokiwa kwa wenzo wa chini tunayoiona kwenye sinema za makauboi. Wengi wao hujaza risasi zao wenyewe nyumbani. Risasi yake maarufu, 44-40, ilibeba baruti isiyofika gramu tatu, nao huipima kwa mizani. Hawaachi nafasi kati ya baruti na risasi. Hawatii baruti ya kisasa kwenye kipimo cha baruti nyeusi, maana nguvu yake ni nyingine kabisa. Hata ncha ya risasi huwa bapa, kwa kuwa risasi hupangwa kwa mstari ndani ya bomba, na ncha kali inaweza kugonga fataki ya iliyo mbele yake. Uangalifu wote huo, mchana, mezani, kwa bunduki iliyopimwa kiwandani. Wetu anafanya kwa kijiko, gizani, juu ya dungu, kwa mtutu asioujua umri wake.

Na dungu lenyewe lina habari yake. Utafiti wa Craig Packer na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005, ulihesabu watu zaidi ya 560 waliouawa na simba Tanzania tangu mwaka 1990, na Lindi ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi. Simba hufuata nguruwe, nguruwe hufuata mazao, na binadamu amelala shambani akilinda. Kwa hiyo anayemwambia mkulima wa Mchinga atupe gobore aondoke zake, bila kuzungumzia nguruwe, hajamsaidia.

Hata hivyo sheria haina utani. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kila silaha iwe na kibali, na gobore la fundi wa kijijini halijasamehewa. Leseni hupewa mtu, haifuati damu. Mzee akifariki, mwanawe hairithi kama anavyorithi mikorosho, na kimya cha familia ni kosa linalokomaa. Mara kadhaa serikali imetangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushitakiwa, lakini si busara kusubiri kingine.

Mkilikuta, chukulieni kuwa limeshindiliwa. Gobore linaweza kukaa na mzigo wake miezi mingi, na kwa macho huwezi kujua. Msichokoe mdomoni, msifyatue kujaribu, msilitupe kisimani, na msiwape vijana walibebe barabarani kwenda Lindi mjini. Fungeni chumba, watoto wasiingie, kisha mtu mzima mmoja aende kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, naye awaite polisi waje wenyewe kulichukua.

Halafu mtafute baruti. Wazee waliihifadhi mahali pakavu, na katika nyumba ya udongo hakuna mahali pakavu kuliko juu ya mafiga: kwenye kibuyu, pembe au kopo la zamani la maziwa ya unga, katikati ya chumvi na pilipili. Msilifungue. Semeni liko wapi, na siku hiyo pikieni nje.