Tumbo Limepunguzwa, Sinia Je?
Upasuaji wa kupunguza uzito na wajibu wa familia

Katika nyumba zetu nyingi unene haujazoeleka kuhesabiwa kuwa maradhi. Mwanamke akinenepa baada ya ndoa, husemwa kuwa mumewe anamtunza. Mwanamume akiota kitambi, husemwa kuwa mambo yamemnyookea. Wakipungua, minong'ono huanza. Kwa mtazamo huo, mtu mwenye kisukari, shinikizo la damu na magoti yasiyomruhusu kusujudu hubaki akisifiwa kwa jambo lile lile linalomdhuru. Ndiyo maana upasuaji wa kupunguza uzito, ambao siku hizi hufanyika hata hapa nchini, ikiwamo katika Hospitali ya Taifa Muhimbili Mloganzila, hupokewa kwa mshangao na mara nyingine kwa kejeli: kwa nini asijizuie kula tu?

Jibu ni kwamba mwili uliokwisha kunenepa kupita kiasi huutetea uzito wake. Mtu anapojinyima chakula, homoni za njaa hupanda, na kilo zilizopungua kwa taabu hurejea. Madaktari hupima hali hii kwa kuchukua uzito wa mtu kwa kilo na kuugawa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 90 hupata 35, ilhali kiwango cha kawaida ni kati ya 18.5 na 24.9. Mwongozo uliotolewa mwaka 2022 na vyama vya mabingwa wa upasuaji huu, kile cha Marekani na kile cha kimataifa, unapendekeza tiba hii kuanzia 35, na unaruhusu ifikiriwe kuanzia 30 kwa mwenye maradhi kama kisukari.

Je, ni kubadili umbile?

Wapo wanaohofu kuwa kukata tumbo ni kubadili umbile la Allah (S.W.). Hofu hiyo ni ya heri, lakini wanazuoni wametofautisha baina ya kutafuta urembo na kuondoa madhara. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kwamba Arfaja bin As'ad (R.A.) alikatwa pua vitani, akaweka pua ya fedha, ikamletea harufu mbaya, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru aweke ya dhahabu, ilhali dhahabu kwa asili ni haramu kwa wanaume. Nayo Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 18 kilichofanyika Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, iliruhusu kupunguza uzito hata kwa upasuaji pale unene unapokuwa maradhi, ikakosekana njia nyingine na ukaaminika usalama wa mgonjwa. Anayetaka tu kupendeza harusini hayumo katika ruhusa hiyo.

Kabla ya kisu

Njia mbili ndizo zinazotumika zaidi. Ya kwanza huondoa takriban robo tatu au zaidi ya tumbo na kubakiza mrija mwembamba mfano wa ndizi. Ya pili hutenga kifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunganisha na utumbo mwembamba. Puto linaloingizwa tumboni kupitia kinywani na kuondolewa baada ya miezi kadhaa ni tiba nyingine, si upasuaji.

Maandalizi si ya mwili peke yake. Hospitali makini humchunguza mgonjwa moyo, sukari na damu, humtaka aache sigara, na kwa kawaida humpa mlo mkali wa wiki mbili hivi ili ini lisinyae na kumpa daktari nafasi ya kufanya kazi. Pia huulizwa kuhusu nafsi yake: hula akiwa na njaa, au hula akiwa na huzuni? Swali hili ni zito, kwani kisu hupunguza tumbo, wala hakiondoi huzuni. Aliyekuwa akijiliwaza kwa chakula atahitaji liwazo jingine. Na aelezwe hatari bila kufichwa: tumbo kuvuja mahali liliposhonwa, kutokwa na damu, na damu kuganda miguuni au mapafuni. Ni matukio machache katika hospitali zenye uzoefu, lakini yapo.

Baada ya kisu

Wiki za mwanzo ni za vinywaji, kisha vyakula vilivyopondwa, kisha vilaini, hadi kufikia chakula cha kawaida baada ya mwezi mmoja na nusu au miwili. Hata hapo, vijiko vichache humshibisha. Huanza na protini: yai, samaki, kuku, maharage au mtindi. Wali huja mwisho, kama nafasi imebaki. Maji huyanywa kwa mafunda madogo mchana kutwa, wala hayachanganyi na chakula. Akila kaimati au halua, huenda moyo ukamwenda mbio, jasho likamtoka na tumbo likamsokota.

Vitamini na madini, kama B12, chuma na kalsiamu, huvitumia maisha yake yote; akiviacha, upungufu wa damu na udhaifu wa neva humnyemelea kimyakimya. Vidonge vingine hufunikwa kwa jelatini ya nguruwe, hivyo amuulize mfamasia ampe mbadala. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni asijinunulie dukani, kwani zaweza kumletea vidonda vya tumbo. Nywele zaweza kunyonyoka katika miezi ya mwanzo, nazo kwa kawaida hurudi. Ngozi hulegea. Mwanamke hushauriwa asubiri mwaka mmoja hadi mmoja na nusu kabla ya kushika mimba, na kwa kuwa uzazi huweza kurejea upesi uzito unapopungua, wanandoa walizungumze hili na daktari mapema.

Wajibu wa familia

Hapa ndipo tiba hii hufaulu au huharibika. Sisi ni watu wa sinia moja, na ukarimu wetu ni kumsukumia mgeni chakula: ongeza, hujala, umekasirika? Maneno hayo ya mapenzi, kwa mtu huyu, ni madhara. Kwa kuyaogopa, wengi huficha upasuaji wao hata kwa wazazi, wakajilazimisha kula na kwenda kutapika chooni. Wakikonda, watu huwapachika maradhi wasiyo nayo. Suratul Hujurat, aya ya 12, imekataza dhana mbaya, upelelezi na usengenyaji. Basi mwili wa ndugu yako usiwe gumzo la barazani.

Mume asimlinganishe mkewe wa jana na wa leo kwa mzaha, wala mama mkwe asihesabu matonge. Mpishi atangulize mboga na kitoweo kuliko mafuta na sukari, kwa watu wote wa nyumba. Aya ya 31 ya Suratul A'araf inayokataza israfu haikuteremshwa kwa waliopasuliwa pekee. Kamati zetu za misikiti nazo, tunapoandaa futari au maulidi, tuweke sahani za pembeni kwa wenye udhuru, bila kuwauliza maswali mbele za watu.

Ramadhani ndiyo mtihani mkubwa. Anayekunywa kwa mafunda hawezi kuufidia mchana mzima kwa saa chache za usiku, na kwa hiyo madaktari wengi huwazuia kufunga katika miezi ya mwanzo, baadhi yao hadi mwaka. Huyo ni mgonjwa aliyetajwa katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185: atalipa siku nyingine atakapoweza. Asiyetarajiwa kuweza tena atatoa fidia ya kulisha maskini. Anayetumia dawa za kisukari asifunge kabla ya kumwona daktari, kwani sukari yake yaweza kushuka ghafla. Kumlaumu mtu kwa kuitumia ruhusa aliyopewa na Mola wake ni ujinga wa dini.

Upasuaji huchukua saa chache, lakini kuuishi ni kazi ya miaka, na mgonjwa haifanyi peke yake. Kila nyumba ijiulize kama sinia lake linamsaidia ndugu huyo au linamrudisha alikotoka. Allah (S.W.) awape shifaa wagonjwa wetu, na sisi atujaalie kuwa wepesi wa kusaidia na wazito wa kusema. Amin.