Moyo wa Kima Usionekane

Kisa cha kima na papa ni cha zamani. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Zanzibar, alikichapisha London mwaka 1870 pamoja na hadithi nyingine alizozikusanya Unguja. India kimo katika Panchatantra, na huko ni mke wa mamba anayeutamani moyo wa nyani. Huku kwetu kima anamtupia papa matunda ya mkuyu, papa anamwalika kwao, na wakiwa katikati ya bahari anamwambia ukweli: sultani wao anaumwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Basi turudi, anajibu kima, sisi mioyo yetu huiacha mitini.

Hadithi hii ilitungwa isikike. Ukiihamishia kwenye vikaragosi mbele ya watoto wa miaka minne, kazi ngumu ni kuamua kipi wakione na kipi kibaki maneno tu. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni kipande cha kitambaa chekundu kilichokatwa umbo la moyo na kutundikwa mkuyuni, eti watoto waelewe. Mtoto wa umri huo huamini jicho lake. Akiuona moyo mtini, basi upo mtini; kima amesema kweli na ujanja wote umekwisha. Acha mti mtupu. Wapo watakaocheka papo hapo na wapo watakaokunja uso. Wote wanafikiri.

Siri ya papa, kwa upande wake, naitoa mapema kuliko msimulizi. Kima akiwa amelala, papa anainuka na kuwanong'oneza watoto habari ya sultani. Baadaye mwaliko ukitoka, darasa zima litapiga kelele, "Usiende!" Hapo usikimbilie mstari unaofuata. Kima awageukie, awatazame, aulize wanasema nini. Kikaragosi kisichosikia watoto ni soksi tu.

Mdomo wa papa nao una ufundi wake. Vidole vinne viko juu, kidole gumba chini. Anayeanza huinua vile vinne, na papa anaishia kutazama dari kila anaposema. Kishuke kidole gumba, vingine vitulie. Lugha yetu inasaidia sana hapa, maana silabi zetu nyingi huishia kwa irabu: "Karibu kwetu," mdomo umefunguka mara tano. Meno sishauri. Kwa watoto wa miaka mitatu, papa aonyeshwe kwanza akiwa mkononi mwa mwalimu, wamguse, ndipo apite nyuma ya pazia.

Pazia lenyewe ni kanga juu ya kamba iliyofungwa kwenye viti viwili. Mkono wa kulia kima, wa kushoto papa. Safari ya baharini ndiyo inayochosha: mabega yakilegea, wote wawili wanazama kabla sultani hajatajwa, kwa hiyo ifanye fupi.

Kwa Steere, kima akishapanda mtini humsimulia papa kisa kingine kizima, cha punda wa dobi. Kitamu mno, lakini kiache kwa wakubwa. Kinamtaka simba, sungura na punda, na mikono yako imeshajaa.